Vitongoji Vitano vya Wharram Percy na Kanisa Lililobaki Bila Kijiji

Shikamooni wazee wangu. Ndugu zangu, vijana, na ninyi watoto mlioketi hapa mbele, asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumze kuhusu Wharram Percy kabla hatujaenda kupaona kwa macho. Wengi wenu mnaoishi hapa Leeds mmekwisha kuona picha zake: kanisa lisilo na paa, bonde la kijani, kondoo wanakula majani juu ya matuta ambayo zamani yalikuwa misingi ya nyumba. Maelezo ya picha karibu zote ni yaleyale, kwamba hapa ni kijiji kilichokufa. Mimi nataka niongeze jambo ambalo maelezo hayo hulipita. Kilichokufa pale ni kitongoji kimoja katika vitongoji vitano vya parokia moja. Parokia yenyewe iliendelea kuishi zaidi ya miaka 400 baada ya majirani wa kanisa kufukuzwa, na iliishi kwa miguu ya watu wa vitongoji vingine. Hao hawamo kwenye picha. Nimekuja kuwataja.

Vitongoji vyenyewe ni hivi: Wharram Percy, Thixendale, Raisthorpe, Burdale na Towthorpe. Viko kwenye vilima vya Yorkshire Wolds, kaskazini-mashariki ya jiji la York, kusini-mashariki ya mji wa Malton. Ardhi ya huko ni ya mwamba wa chaki, mweupe, unaonyonya maji ya mvua yote. Mabonde ni mengi lakini mito ni haba, ndiyo maana kila penye chemchemi watu walipagombea. Wharram Percy ilikuwa na chemchemi, ikawa na bwawa na kinu cha kusagia nafaka, na ikawa na kanisa.

Kaskazini mwa Uingereza parokia zilikuwa kubwa. Kanisa moja lilihudumia makazi kadhaa yaliyotengana kwa mwendo wa saa nzima na zaidi. Mkatoliki wa kwetu ataelewa haraka nikimwambia afikirie parokia na vigango vyake, yale makanisa madogo yaliyo chini yake. Tofauti ni kwamba kwa desturi ya huku, hata kitongoji kilipokuwa na kanisa dogo la kusalia, ubatizo na maziko vilibaki haki ya kanisa mama. Mtoto aliyezaliwa Thixendale alipelekwa Wharram Percy kubatizwa. Mzee aliyefia Burdale alibebwa hadi Wharram Percy kuzikwa.

Na hapo pana jambo ambalo naomba mlishike, maana bila hilo historia ya mahali pale haieleweki. Parokia ilishughulika na roho na zaka. Kitongoji kilishughulika na udongo. Kila kitongoji kilikuwa na mashamba yake, mipaka yake, mifugo yake na malisho yake. Mashamba hayo yalikuwa ya wazi, hayana ua. Kila familia ilikuwa na vipande virefu vyembamba vilivyotawanyika huku na huko, ili mtu mmoja asichukue udongo mzuri wote na mwingine akaachiwa mawe. Plau zito la siku zile lilivutwa na kundi la maksai. Familia nyingi hazikuwa na maksai wa kutosha, hivyo waliunganisha: wewe leta wawili, mimi nilete wawili, fulani alete plau lenyewe. Lini walime, lini wapande, lini wafungulie ng'ombe waingie kwenye mabua baada ya mavuno, yote yaliamuliwa kwa pamoja, chini ya baraza la mwinyi mwenye ardhi. Mtu wa Towthorpe hakuwa na sauti katika mambo hayo Wharram Percy, ingawa Jumapili walikuwa wa kanisa moja na siku ya mwisho wangelala kwenye makaburi yaleyale.

Wharram imo kwenye orodha kubwa ya ardhi na kodi iliyoandikwa mwaka 1086 kwa amri ya Mfalme William, aliyekuwa ametoka Normandy na kuiteka nchi miaka 20 kabla. Sehemu ya pili ya jina ilikuja baadaye kutoka kwa ukoo wa Percy, mamwinyi walioshika ardhi ile kwa sehemu kubwa ya muda hadi mwanzoni mwa karne ya 15, walipobadilishana na ukoo wa Hilton. Kumbukeni jina la Hilton, nitalirudia.

Nyumba za wakulima zilipangwa kwa safu juu ya bonde, kila moja na kiwanja chake mbele na bustani ndefu nyuma. Misingi ilikuwa ya mawe ya chaki, mapaa ya nyasi. Nyingi zilikuwa ndefu, watu upande mmoja na ng'ombe upande mwingine, chini ya paa moja. Wakati wa baridi joto la wanyama lilisaidia. Kwa muda mrefu wataalamu walisema vilikuwa vibanda dhaifu vilivyoanguka na kujengwa upya kila kizazi. Baadaye mwanaakiolojia Stuart Wrathmell alipitia ushahidi tena akaonyesha kwamba uzito wa paa ulibebwa na miti mikubwa iliyopinda, iliyosimamishwa kwa jozi, na kuta zilikuwa kifuniko tu cha kuzuia upepo. Ukuta ulibadilishwa ulipochakaa, nyumba ikaendelea kusimama. Hilo linanigusa sana. Mkulima ambaye hakuacha hata karatasi moja ya kujitetea alihesabiwa kuwa hajui kujenga, mpaka mtu akachukua taabu ya kutazama upya.

Sasa tuje kwenye kufa kwa kitongoji. Ukimuuliza mtu hapa Uingereza kilichoua vijiji vya zamani, atakujibu ni tauni. Tauni ilifika kweli, mwaka 1349, ikaua watu wengi wa Yorkshire, na mwinyi wa Wharram Percy wa wakati huo, Walter Heslerton, naye alikufa mwaka huohuo. Lakini miaka 20 hivi baadaye nyumba takriban 30 zilikuwa bado na watu. Walilima, wakazaa, wakazika wafu wao, wakaendelea. Mwaka 1458 nyumba zilikuwa zimebaki 16. Ndiyo kusema tauni ilidhoofisha, lakini waliokimaliza kitongoji walikuwa watu.

Sababu ilikuwa sufu. Baada ya tauni, watu walikuwa wachache, mishahara ikapanda, bei ya nafaka ikashuka. Sufu iliendelea kutakiwa na wafumaji wa nguo. Shamba la nafaka linahitaji kaya nyingi, maksai, plau na mikono ya kuvuna. Malisho yanahitaji mchungaji mmoja na mbwa wake. Mwinyi alipopiga hesabu, kila mkulima aliyehama kutafuta ardhi bora mahali pengine alimpunguzia kazi ya kumfukuza.

Mwaka 1517 serikali ya Mfalme Henry VIII, kwa msukumo wa mshauri wake mkuu, Kadinali Wolsey, ilituma tume kuchunguza nani amebomoa nyumba za wakulima na kugeuza mashamba kuwa malisho. Tume ilipofika upande huu iliandika kwamba Baron Hilton aliziweka chini plau nne na kuziacha nyumba nne zibomoke. Hizo ndizo zilizokuwa za mwisho. Kaya nne, waliokuwa wamebaki kwenye ardhi ambayo babu zao waliilima tangu kabla ya kina Percy. Sheria ya kuzuia jambo hilo ilikuwepo tangu 1489. Kwa Wharram Percy haikusaidia kitu. Tume ilipokuja kuuliza, kondoo walikuwa wamekwisha kuingia.

Na katika vile vitongoji vitano, mkasa huu haukuishia kimoja. Raisthorpe, Burdale na Towthorpe navyo viliachwa. Ukienda leo unakuta nyumba za mashamba makubwa, na kwenye nyasi unaona mikunjo ya ardhi palipokuwa na njia na makazi. Ni Thixendale peke yake iliyobaki kijiji cha watu hadi leo.

Hapa ndipo hadithi inapokuwa ya ajabu. Kijiji chenye kanisa kimekwisha. Kwa akili ya kawaida kanisa nalo lingebomolewa, mawe yakachukuliwa. Halikubomolewa, kwa kuwa halikuwa la Wharram Percy pekee. Lilikuwa kanisa la parokia, na parokia ilikuwa bado na watu. Bado ilitoa zaka pia, na tusilipuuze hilo. Fungu la kumi la nafaka, la wana-kondoo na la sufu lilikuwa mali. Kabla ya Henry VIII kufunga nyumba za watawa, sehemu kubwa ya mapato ya kanisa hili ilikwenda kwa watawa wa Haltemprice, karibu na Hull. Kasisi aliendelea kukaa bondeni, jirani zake wakiwa kondoo. Nyumba yake iliungua mwaka 1553, na baada ya hapo ikajengwa nyingine.

Watu wa Thixendale waliendelea kuja. Kutoka kwao hadi kanisani ni kama kilomita tano kwa njia ya miguu, kupanda na kushuka. Mtoto mchanga alibebwa njia hiyo kwenda kubatizwa, ndani ya upepo wa vilima vile, na Februari ya Yorkshire mnaijua wenyewe. Jeneza lilibebwa njia hiyohiyo. Kizazi baada ya kizazi walipita katikati ya matuta ya nyumba zilizokwisha, wakaingia kanisani, wakasali, wakarudi kwao kulisha mifugo. Nikisoma maandishi kuhusu Wharram Percy naona kurasa nyingi juu ya waliofukuzwa, na ni haki yao. Lakini hawa waliotembea kwa zaidi ya miaka 300 ndio waliolishika paa la jengo lile lisidondoke.

Kuta zenyewe zinasimulia. Kanisa la kwanza lilikuwa dogo, la mbao, kabla ya mwaka 1000. Likaja la mawe, likapanuliwa na Wanormani. Watu walipozidi, liliongezwa ubavu wa kusini, kisha wa kaskazini, ukuta ukatobolewa matao ili waumini wa pembeni waone altare. Watu walipopungua kazi ikageuka: mbavu zilibomolewa moja baada ya nyingine, matao yakazibwa kwa mawe, na madirisha ya kuta zilizobomolewa yakapandikizwa ndani ya matao yaliyozibwa. Upande wa altare nao ulifupishwa. Mtu akisimama nje ya ukuta ule anaona matao bado yamechorwa kwenye jiwe. Ni sensa ya parokia nzima, kupanda na kushuka, na mwashi ndiye aliyeiandika.

Kitongoji kilikuwa na uzito mwingine ambao maskini aliujua kuliko tajiri. Tangu mwaka 1601 sheria ilizitaka parokia kuwatunza maskini wao kwa kodi. Kwenye parokia kubwa za kaskazini mzigo ulishindikana kusimamiwa pamoja, na sheria ya 1662 ikaruhusu vitongoji vya Yorkshire na majimbo mengine ya kaskazini kuwa na wasimamizi wao wa maskini na kodi yao wenyewe. Sheria hiyohiyo ilisema mgeni anayeonekana atakuwa mzigo anaweza kurudishwa alikotoka ndani ya siku 40. Basi mjane asiye na kitu aliulizwa kitongoji chake ni kipi. Jibu hilo liliamua kama atapata mkate au atapakiwa kwenye mkokoteni. Sisi tuliotoka mbali, tuliokwisha kujibu maswali ya makaratasi kwenye meza nyingi za nchi hii, tunajua uzito wa swali la namna hiyo. Na mwaka 1866, sheria ilipokuja kuvitambua vitongoji vilivyokuwa vikitoza kodi yake ya maskini kuwa parokia za kiraia, ilikuwa inaandika tu kile ambacho maskini walikwisha kukijua kwa miaka 200.

Wakati huo bonde lenyewe lilikuwa limebadilika tena. Kondoo peke yao hawakuwa na faida kama zamani, na karne ya 18 palianzishwa shamba kubwa la kisasa kwa wakati ule. Karne ya 19 zikajengwa nyumba za vibarua. Mwaka 1853 reli ya kutoka Malton kwenda Driffield ilifunguliwa, ikapita chini ya bonde na kuingia kwenye handaki la Burdale lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu ndani ya chaki.

Kisha ukaja mwaka 1870. Sir Tatton Sykes wa Sledmere, tajiri mwenye ardhi kubwa kwenye vilima vile na mpenda kujenga makanisa, aliwajengea watu wa Thixendale kanisa lao, kijijini kwao. Aliyechora ramani ya jengo alikuwa George Edmund Street, mmoja wa wasanifu wakubwa wa zama zake. Palijengwa na shule na nyumba ya kasisi. Siwezi kuwalaumu watu wa Thixendale kwa kufurahi. Mama aliyekuwa akipanda vilima na mtoto mgongoni sasa alivuka njia tu. Nadhani kila mmoja wetu angefurahi. Lakini siku ile kengele ya Thixendale ilipolia, kanisa mama lilipoteza miguu yake. Lilibakiwa na watu wa mashamba machache na wahudumu wa reli. Ibada za kawaida ziliendelea kwa kusuasua hadi ibada ya mwisho mwaka 1949. Haikupita miaka mingi, madini ya risasi yaliyoezekea paa yakaibwa. Mwaka 1959 sehemu ya mnara ikaanguka kwa dhoruba. Nyumba nne za mwisho zilipobomoka mnamo mwaka 1500 kanisa lilivumilia. Walipoondoka watembeaji wa Thixendale halikudumu hata karne moja.

Huyu tunayemshukuru kwa kujua haya yote alikuwa mtu wa hapa kwetu Leeds. Maurice Beresford, mwanahistoria wa uchumi aliyefundisha chuo kikuu hapa mjini, alifika Wharram Percy mwaka 1948 akitafuta vijiji vilivyopotea. Mwaka 1950 alianza kuchimba, kwa nia rahisi ya kujua kijiji kiliisha lini. Wakati ule wanahistoria wakubwa walikuwa hawaamini kwamba vijiji vilivyotoweka ni vingi. Leo Uingereza inahesabu maelfu. Miaka michache baadaye alijiunga na John Hurst, mwanaakiolojia, na wawili hao, pamoja na watu wa kujitolea kutoka kila pembe, walirudi bondeni kila kiangazi hadi 1990. Badala ya kuchimba mitaro myembamba kutafuta kuta, walifunua nyumba nzima, uwanja mzima, tabaka kwa tabaka, ndipo maisha ya mkulima yakaanza kuonekana.

Makaburini walitoka watu 687. Nawaita watu, sipendi kusema mifupa. Kwa kupima kemikali kwenye mifupa ya watoto, wataalamu walijua kwamba akina mama wa parokia ile walinyonyesha hadi mtoto alipofikia kama miezi 18. Kuna mwanamume wa karne ya 10 au ya 11 aliyepigwa kichwani kwa kitu kizito, na mtu mwenye ujuzi akamkata fuvu kuondoa mgandamizo. Jeraha likapona, akaishi. Na kuna habari nzito, iliyotolewa mwaka 2017: vipande 137 vya mifupa ya watu wasiopungua 10, waume kwa wake na watoto, vilivyokatwa na kuchomwa baada ya kifo, kati ya karne ya 11 na ya 14. Watafiti wanaona maelezo yanayofaa zaidi ni kwamba jamii iliogopa maiti hao wasiinuke na kutembea. Meno yao yalipopimwa yalionyesha walikuwa wenyeji wa eneo lile, hawakuwa wageni. Naomba tukifika pale tusiligeuze jambo hilo kuwa kichekesho cha kutisha watoto. Watu waliofanya vile walikuwa na hofu ya kweli, na waliofanyiwa walikuwa ndugu na majirani zao.

Nina dai moja kwa wanaoandika mabango na vitabu vya wageni. Wakitaja wale 687 husema "wanakijiji wa Wharram Percy". Lakini wale ni watu wa vitongoji vitano. Humo wamo wa Towthorpe, wa Burdale, wa Raisthorpe na wa Thixendale, na mfupa haubebi jina la shamba. Tukisema Wharram Percy peke yake tunawaondoa mara ya pili watu ambao vijiji vyao navyo viliachwa, tena bila baron wa kulaumiwa kwenye karatasi ya mfalme.

Basi kuhusu safari. English Heritage, wanaolitunza eneo, wana maegesho ya gari yaliyo karibu, na kutoka hapo ni mteremko wa chini ya robo tatu ya saa hata ukienda na watoto. Wasioweza kutembea sana waende huko. Sisi wengine napendekeza tuanzie Thixendale. Njia ya miguu ya Yorkshire Wolds Way inapita kijijini pale na kushuka hadi bondeni kanisani, kwa hiyo tutafuata upande uleule waliotokea waumini. Vaeni viatu vya matope, bebeni maji, maana ndani ya mabonde hakuna duka. Tukifika, kabla ya kuingia ndani, tupite kwanza nje ya kuta mkaone matao yaliyozibwa. Na wale wanafunzi wetu wa York walioniuliza wapi pa kusoma zaidi, hifadhi ya Borthwick Institute iko ndani ya chuo chenu. Kumbukumbu za dayosisi ya York ziko huko. Mkiomba faili, ulizeni kwa majina yote matano.